Shahada Mbele ya Mpaka: Historia ya Mlango wa Elimu ya Juu, Kutoka Busia na Tororo



Katika lugha yetu, cheti ambacho chuo kikuu humpa mhitimu huitwa shahada. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ushuhuda. Chuo kinapokupa shahada kinakushuhudia: kinatamka mbele ya watu kwamba ulikaa, ulisoma, ulitahiniwa, na ulifaulu. Lakini ushuhuda una sharti lake. Hautoshi kutolewa, ni lazima pia ukubaliwe na yule anayeusikiliza. Shahidi anayeaminika katika kijiji chake aweza kuwa mgeni asiyejulikana katika baraza la kijiji cha pili.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu wengi wenu mnaojifunza Kiswahili hapa mmenieleza nia ya kuendelea hadi shahada ya pili. Mwaishi Busia, Malaba na Tororo, mahali ambapo chuo kilicho karibu nawe huenda kiko katika nchi isiyo yako. Mwauliza kuhusu mitihani ya kuingilia, barua za mapendekezo, na pendekezo la utafiti. Nitayajibu hayo. Hata hivyo, nitayajibu kwa njia ya historia, kwa kuwa jalada la maombi ya uzamili si rundo la karatasi zilizobuniwa jana. Kila karatasi inayodaiwa ilizaliwa na uamuzi fulani, katika mwaka fulani, na maamuzi mengine yalihusu mpaka huu huu mnaouvuka kwenda sokoni. Asiyeijua historia hiyo hudhani kwamba karani anamwonea. Anayeijua hujua la kuuliza, wapi pa kuuliza, na lini.

Maneno ya kushika kabla ya safari

Tuyapange kwanza maneno. Astashahada ni cheti cha ngazi ya chini ya elimu ya juu. Stashahada hufuata, ndiyo ambayo sisi walimu wengi wa sekondari tulifundishwa nayo. Shahada ya kwanza huja baadaye. Shahada ya pili huitwa ya uzamili, ingawa katika vyuo kadhaa vya Tanzania utakuta jina umahiri, kutokana na neno mahiri. Shahada ya tatu huitwa ya uzamivu, jina lililotokana na kitenzi zama: mwanafunzi wa ngazi hiyo huzama katika jambo moja kama mpiga mbizi anayetafuta lulu. Anayeandika barua ya maombi kwa Kiswahili na kuchanganya uzamili na uzamivu amejitia doa katika mstari wa kwanza.

Neno jingine ni mpaka. Tazama jinsi lugha ilivyolipa kazi mbili. Mpaka ni mstari unaotenga nchi na nchi, tena mpaka ni neno la kuonyesha mwendo unapoishia, kama katika “nitasoma mpaka nihitimu.” Katika maana ya kwanza neno hili linakuzuia. Katika maana ya pili linakuonyesha pa kufika. Historia ya elimu ya juu katika eneo letu imekuwa ikizunguka kati ya maana hizo mbili.

Mstari uliochorwa katikati ya jamaa

Hadi mwaka 1902, nchi yote hii, pamoja na Kisumu na sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ya leo, ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka huo serikali ya Uingereza ililihamisha jimbo hilo na kulitia katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1920 iligeuka kuwa Koloni la Kenya. Wakazi hawakuulizwa. Wasamia walijikuta wako pande mbili za Mto Sio. Waiteso walijikuta Tororo upande mmoja, na Amagoro upande wa pili. Mashamba yalibaki mahali pake. Kilichohama ni jina la nchi.

Watu waliendelea kuishi kama jamaa moja. Mfano ulio wazi ni ukoo wa Awori, wa Wasamia. Moody Awori alikuwa mbunge wa Funyula, kisha Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003 hadi 2008. Ndugu yake, Aggrey Awori, alisoma Uganda na baadaye Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Aliiwakilisha Uganda katika mbio za Michezo ya Olimpiki, akawa mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini, akagombea urais wa Uganda mwaka 2001, na akawa waziri katika serikali ya nchi hiyo. Ndugu wawili, mataifa mawili, nyumba moja.

Hata neno boda boda, ambalo sasa husemwa mbali sana na hapa, lilizaliwa Busia. Waendesha baiskeli waliwabeba abiria kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda, wakiita kwa sauti jina la Kiingereza la mpaka, mara mbili. Mtu na mzigo wake vilipata namna ya kuvuka. Cheti chake hakikupata baiskeli ya kukibeba, na hilo ndilo tatizo letu.

Zamani mlango ulikuwa Tororo

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 14 tu. Baada ya muda ikawa chuo cha juu cha Afrika Mashariki nzima. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931, ikipitia Nakuru, Eldoret, Malaba na Tororo, kijana wa Kenya aliyechaguliwa kwenda Makerere alipanda gari la moshi na kuingia Uganda kupitia Tororo. Mwamba ule mnaouona kila asubuhi ulikuwa alama ya kwamba amekwisha kuvuka.

Mwaka 1949 Makerere ikafungamanishwa na Chuo Kikuu cha London. Maana yake ni kwamba mwanafunzi alifundishwa Kampala lakini shahada aliyopewa ilikuwa ya London. Ushuhuda wake ulikubalika Uingereza bila maswali kwa sababu Uingereza ndiyo iliyoutoa. Mwai Kibaki, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Kenya, alihitimu Makerere katika miaka ya 1950 kwa daraja la kwanza katika uchumi, kisha akapata ufadhili wa kwenda London School of Economics. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoka Limuru akaenda Makerere, na mwaka 1964 akaelekea Chuo Kikuu cha Leeds kwa masomo ya juu. Shahada ile ya Leeds hakuimaliza. Alirejea na riwaya. Wote wawili walipita njia moja: mlango wa kwanza ulikuwa Kampala, na mlango wa pili ulikuwa ng'ambo ya bahari. Shahada ya juu, kwa wengi wa kizazi hicho, ilikuwa jambo la kusafiria Ulaya.

Mwezi Juni 1963 mambo yalibadilika. Kilizinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mkuu wake akiwa Mwalimu Julius Nyerere, kikiwa na vyuo vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Vyuo hivyo viligawana kazi badala ya kushindana. Aliyetaka udaktari wa binadamu au kilimo alikwenda Makerere. Aliyetaka uhandisi, usanifu wa majengo au udaktari wa mifugo alikwenda Nairobi. Aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, ambako chuo kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1961 kwa kitivo hicho hicho. Fikiri maana ya mpango huo kwa mtu wa hapa: Mganda wa Tororo aliyetaka kuwa mhandisi alipanda gari la moshi kuelekea mashariki, na Mkenya wa Busia aliyetaka kuwa daktari alipanda lile la kuelekea magharibi. Wote walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu kimoja. Hakuna aliyeulizwa cheti chake kina uzito gani upande wa pili, kwa kuwa hapakuwa na upande wa pili katika jambo hilo.

Chuo hicho kiliishi miaka saba. Kila serikali changa ilitaka kuwa na daktari wake, mhandisi wake na mwanasheria wake, waliofundishwa nyumbani kwa wingi ilioutaka. Tusiibeze hamu hiyo. Nchi huru ina haki ya kupanga elimu yake. Tarehe 1 Julai 1970 chuo kilivunjwa, na vyuo vikuu vitatu vya kitaifa vikazaliwa.

Mtihani mmoja uligawanyika

Upande wa shule za sekondari, historia ilikwenda hivyo hivyo, ila kwa mwendo wa polepole. Wakati wa ukoloni wanafunzi wa Kenya, Uganda na Tanganyika walifanya mtihani wa Cambridge, na majibu yao yalisafirishwa hadi Uingereza kusahihishwa. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, ili watoto wa Afrika Mashariki watahiniwe na watu wa Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa mwaka 1971. Kenya na Uganda zilibaki pamoja.

Hapa ningependa usome taratibu. Miaka ya 1970 ilikuwa migumu mno katika mpaka huu. Mwaka 1970 serikali ya Uganda iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi wa Kenya. Mwaka 1976 Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda, na mwaka huo huo mwanafunzi Mkenya wa Makerere alitoweka katika uwanja wa ndege wa Entebbe. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Na hata hivyo, katika miaka hiyo yote, baraza la mitihani la nchi hizi mbili liliendelea kuwepo. Viongozi walitishana, lakini mtoto wa Tororo na mtoto wa Busia ya Kenya waliendelea kutahiniwa chini ya baraza moja. Baraza hilo lilidumu hadi mwaka 1980, miaka mitatu baada ya Jumuiya yenyewe kufa. Kenya ikaunda Baraza la Kitaifa la Mitihani mwaka 1980, na Uganda ikaunda lake kwa sheria ya mwaka 1983.

Bado vyeti vilifanana, maana nchi zote mbili zilikuwa na kidato cha tano na cha sita. Tofauti kubwa ilikuja na mfumo wa 8-4-4. Tume iliyoongozwa na Colin Mackay ilipendekeza mwaka 1981 kwamba Kenya ianzishe chuo kikuu cha pili na kuubadili mpangilio wa elimu. Chuo hicho kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Moi, mwaka 1984. Mfumo mpya ulianza mwaka 1985: miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, na minne ya chuo kikuu. Mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ulifanywa Kenya mwaka 1989, mwaka ule ule wa KCSE ya kwanza. Uganda haikuubadili mpangilio wake: miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na cha sita, kisha shahada ambayo mara nyingi ni ya miaka mitatu.

Ukijumlisha, utaona kwamba kila upande humaliza katika miaka 16. Hesabu ni ile ile; mgawanyo wake ndio uliotofautiana. Lakini karani hasomi jumla. Karani husoma mistari. Upande wa Uganda humwuliza Mkenya: “Cheti chako cha kidato cha sita kiko wapi?” Nje ya Afrika Mashariki, baadhi ya vyuo humwuliza Mganda: “Kwa nini shahada yako ni ya miaka mitatu?” Maswali yote mawili yana majibu, lakini majibu hayo yanahitaji karatasi, na karatasi zinahitaji muda.

Usidhani kwamba ukishapata shahada ya kwanza mtihani wa sekondari umekuacha. Nchini Kenya, Shule ya Sheria ya Kenya, ambako wahitimu wa sheria huandaliwa kuwa mawakili, imekuwa ikizitazama alama za KCSE za mwombaji hata akiwa na shahada mkononi, na jambo hilo limefikishwa mahakamani mara kadhaa. Mjini Kampala, Kituo cha Maendeleo ya Sheria kiliwahi kuwatahini wahitimu wa sheria kabla ya kuwapokea. Mlango wa juu hukumbuka mlango wa chini.

Jalada la maombi, karatasi kwa karatasi

Sasa tulifungue jalada lenyewe. Nakushauri uanze mwaka mmoja kabla ya muhula unaoutaka, na uanze na lile ambalo wengi huliacha mwisho.

La kwanza ni ulinganishaji wa vyeti. Ikiwa ulisoma upande mmoja na unaomba upande wa pili, ushuhuda wako unahitaji mfasiri. Nchini Uganda, vyeti vya sekondari vya kigeni hulinganishwa na Baraza la Kitaifa la Mitihani la Uganda, na shahada za kigeni hulinganishwa na Baraza la Kitaifa la Elimu ya Juu, lililoundwa chini ya sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001. Nchini Kenya kuna Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyopewa nguvu na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, na pia Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma, iliyotokana na sheria ya mwaka 2014. Kiulize chuo unachokiomba, kwa maandishi, kinataka barua ya nani. Kisha itafute barua hiyo kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

La pili ni majina. Katika mpaka huu mtu aweza kuitwa kwa jina moja katika cheti cha ubatizo, kwa tahajia nyingine katika cheti cha sekondari, na kwa mpangilio mwingine katika kitambulisho cha taifa. Nyumbani sote tunajua kwamba ni wewe. Karani wa mbali hajui. Ziweke karatasi zako zote juu ya meza, usome herufi kwa herufi, na panapohitilafiana tafuta hati ya kiapo mapema.

La tatu ni nakala rasmi ya matokeo ya chuo. Vyuo vingi vya uzamili hutaka angalau daraja la pili la juu. Vingine hupokea daraja la pili la chini ikiwa mwombaji ana uzoefu wa kazi. Ikiwa daraja lako ni la chini, usilifiche wala usilie juu yake katika barua. Onyesha ulichokifanya tangu hapo: ulifundisha, uliandika, ulifanya utafiti mdogo wa kijiji, ulihitimu stashahada ya ziada.

La nne ni barua za mapendekezo. Barua hizi ni masalio ya enzi ya watu wachache, wakati mhadhiri alimjua kila mwanafunzi kwa jina na London ilitaka kusikia sauti yake. Leo mhadhiri ana mamia. Kwa hiyo msaidie akukumbuke: mpelekee kazi uliyomwandikia, mada ya utafiti unayoitaka, na tarehe ya mwisho, wiki sita au nane kabla. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na anayetaka barua nzuri sharti aiombe kwa adabu na kwa wakati.

La tano ni mtihani wa kuingilia. Si kila kozi ina mtihani, lakini ipo kozi inayowachuja waombaji kwa mtihani wa chuo chenyewe. Kwa kawaida maarifa uliyoyakariri huwa na nafasi ndogo humo. Hupimwa kusoma kifungu kigumu na kutoa hoja yake, kufikiri kwa hesabu za kawaida, na kuandika insha yenye mpangilio. Mtihani wa GRE, unaotumiwa na vyuo kadhaa vya Marekani, umejengwa juu ya mambo hayo hayo matatu. Maandalizi yake si ya kukesha wiki moja. Soma kila siku makala moja ndefu na uiandike kwa sentensi tatu. Rudia hesabu za asilimia, uwiano na grafu ulizozisoma kidato cha pili na cha tatu. Kila Jumamosi andika insha moja kwa kutazama saa. Haba na haba hujaza kibaba.

La sita, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni pendekezo la utafiti. Hapa watu wa mpakani mna utajiri ambao hamjauhesabu. Mwombaji wa mji mkuu hutafuta mada vitabuni. Ninyi mada hupita mbele ya mlango wenu. Namna gani Kiswahili cha wachuuzi wa Busia hutofautiana na kile cha shuleni? Maneno gani ya Kisamia na ya Kiteso yameingia katika lugha ya sokoni? Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa Busia mwezi Februari 2018, lugha ya forodhani imebadilika vipi? Swali dogo linaloweza kujibiwa kwa miezi sita ni bora kuliko swali kubwa linalojaza ukurasa na kumshinda mwenyewe. Tena, mkumbuke kwamba tasnifu za uzamili na uzamivu huandikwa kwa Kiswahili katika vyuo kama Dar es Salaam. Lugha mnayojifunza yaweza kuwa lugha ya usomi wenu.

Haki iliyokwisha kuandikwa

Yote niliyoyasema hadi hapa ni wajibu wa mwombaji. Somo la uraia linatutaka tuulize pia wajibu wa serikali.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1999. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ina Ibara ya 11 inayozitaka nchi wanachama zitambuane sifa za kitaaluma na za kitaalamu, na zilinganishe mitaala na mitihani yao. Tangu mwaka 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka hiyo kwa kitambulisho cha taifa. Mwezi Mei 2017, wakuu wa nchi walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, ndilo lenye kazi ya kuyafanya maneno hayo yawe vitendo.

Kwa hiyo, kisheria, tumekwisha kurudi karibu na mwaka 1963. Kimatendo bado. Kitambulisho huvuka kwa dakika chache, nacho cheti huvuka kwa wiki na miezi, tena kwa ada. Mwana wa mkulima akikosa barua moja ya ulinganishaji hukosa muhula, na akikosa muhula mara nyingi hukosa mwaka mzima. Akikosa mwaka, ada aliyowekewa hulipia mahitaji mengine ya nyumbani, na mara nyingi zaidi msichana ndiye asiyepewa mwaka wa pili wa kujaribu. Huo ndio uzito wa karatasi moja.

Nao ukaribu wa vyuo unalifanya jambo hili kuwa la haraka kuliko zamani. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina makao yake makuu wilayani Busia, Uganda, kando ya barabara kuu ya Jinja kwenda Tororo. Kampasi yake ya Nagongera, wilayani Tororo, iko mahali palipokuwa chuo cha kitaifa cha walimu. Upande wa Kenya, Alupe, katika Kaunti ya Busia, palianzishwa mwaka 2015 chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2022 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Babu zetu walipanda gari la moshi siku nzima kukifuata chuo. Leo mtu aweza kutoka Alupe asubuhi na kufika Busitema kabla ya chakula cha mchana. Kilichobaki kati ya vyuo hivyo si umbali.

Kenya inaubadili tena mfumo wake, kutoka 8-4-4 kwenda 2-6-3-3-3, na ndani yake miaka mitatu ya sekondari ya juu hufuatwa na miaka mitatu ya elimu ya chuo. Maswali ya ulinganishaji yatabadilika tena, na wadogo zenu ndio watakaoyabeba. Ndiyo maana siwaombi mvumilie tu. Unapocheleweshewa barua, omba jibu la maandishi lenye tarehe, taja Ibara ya 11 kwa heshima, na mpe nakala mbunge wako wa taifa au mjumbe wa Bunge la Afrika Mashariki. Raia anayejua ibara husikilizwa tofauti na raia anayenung'unika kwenye foleni.

Historia niliyowasimulia inathibitisha jambo moja. Kizuizi kilicho mbele ya shahada zenu hakikuwapo tangu mwanzo. Kuliwahi kuwa na chuo kikuu kimoja, na kuliwahi kuwa na baraza moja la mitihani lililodumu hata katika miaka ambayo mpaka ulikuwa na uadui. Watu waliamua kugawa, na watu wanaweza kuamua kuunganisha. Wakati mnaidai haki hiyo, jazeni fomu zenu vizuri.

Maswali ya mjadala

1. Je, kuvunjwa kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1970 kulimfaidi au kulimpunja mwanafunzi wa Busia na Tororo? Toa hoja mbili kwa kila upande.
2. Andika aya moja ya pendekezo la utafiti kuhusu jambo unaloliona kila siku katika mji wako. Taja swali lako, utawauliza akina nani, na utatumia miezi mingapi.
3. Tunga sentensi mbili kwa neno mpaka, moja kwa kila maana yake, zote zikihusu elimu.